Karabai, Ngoro na Gurudumu la Maji: Bei ya Ufundi Uvukao Mipaka

Katika usiku usio na mwezi, mtu asimamaye ufukoni Mbaha, katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, huona taa nyingi zimetawanyika juu ya maji kana kwamba mji umezuka ziwani. Hizo ni taa za wavuvi wa usipa. Samaki huyo mdogo huvutwa na nuru, na wavuvi wa Tanzania, Malawi na Msumbiji, nchi tatu zinazolizunguka Ziwa Nyasa, humvua wote kwa hila hiyo moja. Kwa miaka mingi nuru yenyewe ilitoka katika karabai, yaani taa ya mafuta itiwayo upepo kwa pampu. Siku hizi karabai zinapungua, na mahali pake panashikwa na taa za betri, ambazo baadhi yake hujazwa nguvu kwa jua la mchana. Badiliko hilo ni jema. Karabai hula mafuta kila usiku, na mafuta hayo hutoka ng'ambo. Moshi wake nao huongeza, ijapokuwa kwa kadiri ya tone katika bahari, joto ambalo dunia nzima inalilalamikia. Taa mpya haina moshi, wala haimdai mwenyewe chupa ya mafuta kila jioni.

Walakini habari hii ina upande wa pili. Karabai nayo ilikuwa ngeni. Ilibuniwa Ulaya, ikaletwa na wafanya biashara, lakini ilipokaa kwetu kwa muda wa kutosha ilijipatia mafundi. Katika masoko ya mwambao walikuwapo watu waliojua kubadili utambi wake, kuzibua tundu lake kwa sindano, na kukata ngozi mpya ya pampu. Taa mpya imefungwa pande zote. Ikifa, aghalabu hutupwa, na nyingine hununuliwa kutoka katika shehena iliyovuka bahari. Mvuvi amepata nuru safi, lakini ufundi wa nuru hiyo umebaki ulikotoka. Tofauti baina ya mambo hayo mawili, kupata chombo na kupata ufundi wa chombo, ndiyo maudhui ya insha hii; na kwa kuwa tofauti hiyo haikuanza jana, yafaa tuitazame kwa macho ya historia.

Wataalamu wa uchumi hufundisha kuwa maarifa si mali kama mali nyingine. Gunia la mahindi nikimpa jirani, mimi hulikosa. Namna ya kulima mahindi nikimfunza, sote wawili tunayo. Kama bei ya kitu ingefuata gharama ya kukigawa tu, maarifa yangekuwa bure. Lakini mtu aliyetumia miaka na fedha kuyatafuta hutaka malipo, na sheria ya hataza humlinda kwa muda wa miaka 20 ili wengine wasimwige pasipo idhini yake. Hapo hukutana haki ya mbunifu na faida ya watu wote, na kila moja ina hoja yake. Katika jambo la hali ya hewa mkutano huo huwa mgumu zaidi, kwa sababu moshi haujui mpaka. Nchi ikipunguza moshi wake, majirani na wasio majirani hufaidika. Maana yake ni kwamba mwenye ufundi safi anapompa mwenzake, naye hupata sehemu ya faida, kwa kuwa hewa ni moja. Muuzaji wa vitambaa hapati baridi wala joto kwa jinsi mnunuzi avaavyo. Muuzaji wa ufundi safi hupata.

Basi ufundi wa namna hii unapotaka kuvuka mpaka hukuta milango mitatu. Mlango wa kwanza ni hataza, yaani ruhusa ya mwenye kubuni. Wa pili ni mtaji, yaani fedha za kununulia chombo na riba ya fedha hizo. Wa tatu ni ujuzi, yaani mikono iwezayo kukiweka chombo, kukitengeneza, na hatimaye kukiunda upya kwa namna ifaayo mahali. Mabishano ya mataifa yamekaa sana katika mlango wa kwanza. Historia ya pande zetu yaonyesha kwamba mlango uliofungwa sana ni wa tatu, na kwamba wa pili humfuata kwa karibu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Kabla ya meli za moshi, vyombo vikubwa vilivyovuka maji haya vilikuwa majahazi ya tanga. Mwaka 1863, David Livingstone alipofika Nkhotakota, upande wa magharibi, aliwakuta Waarabu wakiunda jahazi. Hatuwezi kulitaja jahazi hilo pasipo kutaja shehena yake: lilivusha pembe na watumwa kuja upande wetu wa mashariki, wakapelekwa Kilwa kwa miguu, na msiba huo hausahauliki. Lakini kwa upande wa ufundi peke yake, jambo moja ladhihirika. Jahazi lilifika ziwani katika vichwa na mikono ya mafundi. Hakuna aliyelibeba kutoka pwani. Fundi alikuja na shoka, tezo na keekee, na miti ikakatwa hapa hapa.

Meli za moshi zilikuja kwa namna nyingine. Meli ndogo Ilala ilifika mwaka 1875, vipande vyake vimebebwa na wapagazi kupita maporomoko ya Mto Shire. Wajerumani wakashusha majini Hermann von Wissmann mwaka 1893, na wamisheni wa Kiingereza wakashusha Chauncy Maples mwaka 1901. Nazo pia ziliundwa Ulaya, zikafumuliwa, zikabebwa, zikaungwa tena ufukoni. Watu wetu walizijua meli hizo kwa mabega yao na kwa kuni walizozikatia, na maarifa ya kuziunda yakabaki Ulaya. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, iliipiga Hermann von Wissmann mizinga pale Liuli, katika mwambao huu huu, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Zaidi ya karne moja ikapita kabla ya ufundi wa meli za chuma kukaa kwetu kwa haki. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, na meli ya abiria MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, ziliundwa Kyela na kampuni ya Kitanzania iitwayo Songoro Marine. Chuma na injini bado hutoka ng'ambo. Lakini mikono ni yetu, na meli ikiharibika fundi wake hayuko mbali.

Tupande sasa milimani. Mashariki ya mwambao huinuka nchi ya Wamatengo, Wilaya ya Mbinga, ambako kuna ufundi mmoja ambao haukuletwa na mtu. Huu ni ngoro, kilimo cha mashimo. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari ikatanayo mlimani. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikia nyasi hizo, hata ukiutazama mlima kwa mbali huuona kama sega la nyuki. Tangu zamani wanaume walifyeka na kupanga, na wanawake walichimba, wakafukia na kupanda. Maharage hupandwa kwanza, katika mwezi wa Machi au karibu yake, na mahindi hufuata mvua za mwaka zinapoanza tena. Maji ya mvua hutuama katika mashimo badala ya kuteremka na udongo; nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Wengi husema kuwa ufundi huu ulikua pale vita vya Wangoni, katika karne ya 19, vilipowasukuma watu kwenye miteremko mikali karibu na Litembo, wakalazimika kulima mahali padogo pasipo kuuharibu udongo.

Leo dunia inatafuta kwa bidii kilimo kinachozuia mmomonyoko na kuhifadhi maji katika ardhi, kwa sababu mvua zimekuwa hazitabiriki. Wamatengo walikuwa nacho zamani, nao hawakukificha. Mwaka 1938 A. H. Pike alikiandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1944 A. Stenhouse akakieleza tena katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walikaa Mbinga wakakipima kwa vyombo vya sayansi. Hakuna mgeni aliyelipa hata senti kwa maarifa hayo, wala Wamatengo hawakudai. Mlango wa hataza haukuwapo kabisa.

Je, ngoro ilienea duniani? Haikuenea. Sababu yake ni fundisho kubwa la uchumi. Kitu kisicho na bei si kitu kisicho na gharama. Ngoro hutaka kazi nyingi ya mikono kwa wakati maalumu. Hutaka nyasi ndefu, udongo wa namna fulani, na nyumba ambamo mume na mke wamegawana kazi hiyo tangu ujana wao. Mgeni angeweza kuichora katika kitabu kwa saa moja, lakini hakuweza kuubeba pamoja na mchoro huo utaratibu wa jamii ulioifanya iwezekane.

Haja ya kuhifadhi udongo katika milima mingine ilikuwa ile ile, na huko serikali ya kikoloni ilitumia njia ya amri. Katika milima ya Uluguru, katika miaka ya 1950, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ambayo waliyaona kuwa kazi ya bure, maana yalifukua udongo mbaya na kufukia mzuri. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukavunjika. Haifai kusema kuwa matuta ya ngazi ni ufundi mbaya. Katika nchi nyingi za dunia yamelisha watu kwa karne nyingi. Lakini ufundi uliopelekwa pasipo mwalimu aaminiwaye, na pasipo kumhesabia mkulima gharama ya jasho lake, hugeuka kuwa adhabu. Katika mikataba ya leo, wapangao kugawa ufundi kutoka mezani wangefanya vema kuukumbuka mwaka huo.

Ama mfano wa ufundi uliovuka mipaka kwa heri, tunao jikoni. Jiko la bati la makaa lilienea Kenya, na husemwa kuwa Wahindi waliojenga reli ndio waliolileta. Lilikuwa rahisi, lakini lilipoteza moto mwingi pembeni. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka hiyo hiyo Wakenya walilitazama jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani yake lina kikombe cha udongo uliochomwa. Hawakulichukua kama lilivyo. Walilibadili umbo, likawa na kiuno chembamba, chini na juu pana, ili lisimame imara mpishi akoroge ugali. Wakakipachika kikombe cha udongo katika sehemu ya juu. Jiko hilo huokoa kadiri ya theluthi moja ya makaa, na likitumiwa vema huokoa hata nusu. Halikuwekewa hataza. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, waliliiga, wakaigwa na wengine, likafika Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Addis Ababa, kila mahali likibadilishwa kidogo.

Hapa msomaji mwadilifu atauliza: kama hakuna alindwaye na sheria, ni nani atakayetumia fedha kubuni? Swali hilo ni la haki, na jiko lenyewe lina ushahidi wa pande zote mbili. Kwa kuwa kila fundi aliweza kuiga, bei ilishuka hata mtu wa kipato kidogo akaweza kununua, na misitu ikapata nafuu ambayo hakuna kampuni moja ingeweza kuileta. Lakini kwa kuwa kila fundi aliweza kuiga, yalikuwapo pia majiko ya udongo mbaya, yaliyopasuka baada ya muda mfupi na kuliharibia jina lililo zuri. Gharama ya kubuni ililipwa na wafadhili na mashirika, kwa maana soko peke yake lisingeilipa. Kwa hiyo palipo na ufundi ambao faida yake ni ya watu wote, yafaa gharama ya kuubuni ilipwe na watu wote, kisha uachwe huru. Na fedha kidogo zibakizwe kwa ajili ya kuwafunza waigaji waige vizuri.

Umeme wa jua una historia iliyo ndefu zaidi, nayo yaonyesha waziwazi jinsi ujuzi unavyosafiri. Kipande cha silikoni kigeuzacho mwanga kuwa umeme kwa nguvu ya kufaa kilionyeshwa na Bell Laboratories, Marekani, mwaka 1954. Kwa miongo kadhaa kilikuwa ghali mno. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, iliwalipa wananchi waliouza umeme wa jua bei nzuri, na hivyo ikalipa karo ya dunia nzima. Maana kila jumla ya paneli zilizokwisha kutengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa kadiri ya sehemu 20 kwa mia. Wakati huo huo kijana wa Kichina, Shi Zhengrong, alikuwa amesoma Australia katika Chuo Kikuu cha New South Wales, chini ya profesa Martin Green, akapata shahada ya udaktari mwaka 1992. Mwaka 2001 akaanzisha kampuni ya Suntech huko Wuxi. China ilinunua mitambo ya viwanda kutoka nje, lakini watu wa kuiendesha ilikuwa nao, na wengi wao walikuwa wamefunzwa ng'ambo. Katika muongo wa 2010 bei ya paneli ilishuka kwa kadiri ya sehemu tisa katika kumi, na ndiyo sababu paneli zinaonekana leo juu ya mapaa ya nyasi na ya bati katika mwambao wa Mbaha.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sura yake katika habari hii. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris, pamoja na mwalimu Mark Hankins, waliweka umeme wa jua katika shule ya Harambee ya Karamugi, Meru. Wangeweza kuuweka wakaondoka. Badala yake waliifanya kazi hiyo kuwa darasa, wakawafunza mafundi wa mahali, na mafundi hao wakaenda kuweka mitambo katika nyumba za walimu na wakulima wa kahawa na chai. Biashara ya sola ya Kenya ilikua kutoka hapo, zaidi kwa fedha za wananchi wenyewe kuliko kwa misaada. Mwaka 1993 chuo kidogo cha sola cha KARADEA kikafunguliwa Karagwe, Mkoa wa Kagera, kikawafunza mafundi wa Tanzania na wa nchi jirani. Serikali ya Tanzania iliondoa kodi katika vifaa vya sola mwaka 2005, na hatua hiyo ilisaidia sana. Lakini punguzo la kodi humfaa yule ambaye karibu naye yuko fundi. Asiye na fundi hununua kwa bei nafuu kitu kitakachomfia mapema.

Tukirudi Ruvuma, ufundi ulio wa zamani kuliko yote hiyo ni wa maji. Watawa Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, waliweka huko mtambo mdogo wa umeme wa maji, usiofika kilowati 40, mwaka 1962. Mtambo wa namna hiyo ulihudumia misheni na karakana zake. Nuru yake haikwenda mbali, lakini vijana waliofunzwa ufundi katika karakana za misheni walienda mbali, na kwa muda mrefu ukimtafuta seremala au makanika mahiri katika Ruvuma ulimkuta Peramiho, au ulimkuta mtu aliyefunzwa Peramiho.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Kindimba, Mbinga, ilijengwa mashine ya kusaga nafaka iendeshwayo na maji ya mto. Ulikuwa mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na shirika la Japani la JICA, wa miaka 1999 hadi 2004, uliotokana na ule utafiti wa ngoro tulioutaja. Wanakijiji walitoa kazi yao, na usimamizi ukawekwa katika kamati waliyoipa jina la Sengu. Jina hilo lina uzito. Zamani sengu lilikuwa baraza la Wamatengo ambamo watu walikula pamoja na kukata mashauri. Wageni walileta fedha na maarifa. Wenyeji walitoa mikono na baraza. Hapo ngoro, ambayo ilichukuliwa bure kama habari, ilirudishiwa malipo yake kwa namna ya gurudumu la maji. Na kwa kuwa gurudumu haligeuki pasipo maji, watu walipata sababu mpya ya kupanda na kuilinda miti ya chanzo cha mto. Sijui mfano mwingine katika pande hizi ulio karibu zaidi na maana halisi ya neno kushirikiana.

Mitambo mikubwa zaidi ilifuata. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ulioanza kuiuzia TANESCO umeme mwaka 2015. Karibu na wakati huo, kampuni ya Andoya ilijenga Mbangamao, Mbinga, mtambo wenye uwezo wa kama megawati moja. Wakati huo Songea na Mbinga zilikuwa hazijafikiwa na gridi ya taifa. Ziliangazwa kwa majenereta, na dizeli yake ilisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000. Chini ya utaratibu uliowekwa tangu mwaka 2008, mzalishaji mdogo aliyeuza umeme mahali pasipo gridi alilipwa bei kubwa kuliko aliyeuza penye gridi, kwa sababu kila uniti yake iliokoa dizeli ghali. Bei hiyo ndiyo iliyofanya mto uwe na faida. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada mkubwa wa Sweden, ikafika Songea, na majenereta yakazimwa. Ni heri kubwa. Lakini msomaji wa uchumi ataona mara moja kwamba siku gridi inapofika, ile sababu ya bei kubwa hutoweka. Mzalishaji mdogo aliyekopa kwa kutegemea bei ya dizeli hujikuta akishindana na mitambo mikubwa ya taifa. Ufundi unaweza kuvuka mpaka wa nchi salama, kisha ukajikwaa katika kanuni ya bei nyumbani.

Hapa ndipo mlango wa mtaji unapoonekana. Mto na jua havidai fedha za mafuta. Karibu gharama yote hulipwa siku ya kwanza, na kwa hiyo riba ndiyo bei yenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu amekopa shilingi 1,000,000 za kununulia mtambo, alipe kwa miaka 10 kwa mafungu yaliyo sawa. Akikopa kwa riba ya asilimia 3, kama iliyopata kupatikana Ulaya, atalipa kila mwaka yapata shilingi 117,000. Akikopa kwa asilimia 16, kama ilivyokuwa kawaida katika benki za Tanzania katika miaka ya 2010, atalipa yapata shilingi 207,000. Mtambo ni ule ule, na jua la Mbaha ni kali kuliko la Ulaya. Lakini mtu wa Mbaha hulipa karibu maradufu kwa nuru ile ile. Anayesema ufundi umegawanywa, hali riba haikutazamwa, amehesabu nusu ya bei.

Mataifa hayakunyamaza juu ya mambo haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992, uliziagiza nchi zilizoendelea zisaidie na kugharimia kuhamishwa kwa ufundi safi na ujuzi wake kwenda nchi nyingine. Mkataba wa biashara na haki za ubunifu wa mwaka 1994 uliziagiza nchi hizo zizihimize kampuni zao kuhamishia ufundi katika nchi maskini kabisa, na nchi hizo maskini zimeachiliwa sehemu kubwa ya masharti yake mpaka mwaka 2034. Copenhagen mwaka 2009 iliahidiwa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022. Cancún mwaka 2010 ukaundwa utaratibu maalumu wa ufundi. Maneno hayo ni mazuri, na baadhi yametendeka. Lakini hataza ni sheria ya nchi moja moja. Ubunifu usiosajiliwa kwa ajili ya Tanzania hauna ulinzi wa hataza Tanzania, na gurudumu la maji ni la zamani kuliko hataza zote. Kama mlango wa kwanza ungekuwa ndio kizuizi pekee, mito ya Ruvuma ingekuwa imejaa mitambo tangu zamani.

Wakati huo huo, katika Mbinga hiyo hiyo, makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa tangu mwaka 2011, na bandari ya Ndumbi katika Ziwa Nyasa imejengwa ili yasafirishwe kwa maji. Hatuna haki ya kuwashangaa wachimbao. Makaa ya mawe ni ufundi wa zamani, ujuzi wake umeenea, fedha zake hupatikana, na kazi yake inalisha watoto. Nchi iliyotajirika kwa makaa ikitwambia tuyaache ardhini, yatupasa tuiulize kwa adabu: utatupa nini mahali pake, na nani atatufunza kukitengeneza kikiharibika?

Kwa hayo yote, hoja yangu kwa wanafunzi na walimu wa uchumi ni moja. Tuhesabu upya. Taarifa za misaada huhesabu megawati, paneli na dola. Zihesabu pia mafundi: wangapi walifunzwa, wangapi wamebaki kazini baada ya miaka mitano, wangapi wamefunza wengine. Jahazi, jiko na sola ya Meru vilikaa kwetu kwa sababu fundi alikuja, au alifunzwa, na kuachwa huru kubadili alichofundishwa. Fedha za namna hiyo ni ndogo kuliko bei ya mtambo mmoja mkubwa, na faida yake haiharibiki mtambo unapochakaa. Na vyuo vyetu navyo visingoje. Kama Morogoro na Kyoto waliweza kukaa pamoja katika shimo la ngoro, Dar es Salaam, Zomba na Maputo waweza kukaa pamoja juu ya taa ya mvuvi.

Maana taa zile bado zinawaka ziwani. Mvuvi wa Mbaha na mvuvi wa ng'ambo ya maji hununua taa zitokazo viwanda vya nchi moja, huwavua usipa wa ziwa moja, na taa zao zikifa hupata hasara moja. Yule kijana ambaye babake alikuwa fundi wa karabai angali yupo, na sanduku la bisibisi analo. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuifungua taa hiyo.